Mtoto wa Miaka Minne na Mtihani wa Mzazi Wake

Kwa zaidi ya miaka kumi, kila ulipofika Januari, jiji la New York lilikuwa na shughuli ambayo mgeni angedhani anataniwa. Siku za mapumziko wazazi walifika katika majengo ya shule wakiwa wamewashika mikono watoto wa miaka minne. Mtoto alichukuliwa na mtu asiyemjua, akaingizwa chumbani peke yake; mzazi akabaki nje, akiangalia saa. Ndani, mtoto alionyeshwa picha na kusomewa swali mara moja tu. Akikosa kusikiliza, au akianza kumlilia mama, limempita. Kisha yalikuja maumbo na rangi: lipi limekosekana hapa?

Kilichogombewa ni nafasi katika madarasa ya watoto wenye vipaji ndani ya shule za umma, yaani shule zisizo na ada. Nafasi za kuanzia chekechea zilikuwa takriban 2,500, katika jiji ambalo kila mwaka hupokea watoto wapatao 65,000 wa umri huo. Ili kuingia madarasa ya wilaya yake, mtoto alitakiwa awe amewashinda angalau watoto 90 katika kila 100 wa rika lake nchini. Kwa shule chache zinazopokea watoto kutoka jiji zima, kiwango rasmi kilikuwa 97, lakini kwa wingi wa waombaji hata aliyepata 99 aliweza kukosa.

Sasa tazama walioingia. Wanafunzi weusi na Walatino ni karibu theluthi mbili ya wanafunzi wote wa shule za umma za New York. Katika madarasa ya vipaji, takriban robo tatu ya wanafunzi walikuwa Wazungu na Waasia. Kwa miaka mingi wanasiasa, wazazi na mahakimu wa mitandaoni wamebishana kuhusu tofauti hiyo, na karibu wote wameanzia mahali pamoja: je, mtihani ule ulikuwa wa haki?

Lipo swali linalotangulia hilo. Nani alifika kwenye chumba cha mtihani?

Mtoto hakuitwa kufanya mtihani. Mzazi ndiye aliyepaswa kujua kwamba upo, kujaza fomu ya kuomba miezi kadhaa kabla, kupata nafasi ya kumpeleka mtoto siku aliyopangiwa, na baadaye kuzipanga shule kwa mfuatano wa kuzipenda. Mama anayefanya kazi za zamu mbili, au baba aliyehamia mjini majuzi na asiyesoma Kiingereza, hakushindwa mtihani. Hakujua kama kuna mtihani. Wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo.

Ramani ya jiji ilionyesha hayo bila kificho. Wilaya za shule namba 7 na 12 katika Bronx, pamoja na namba 16 na 23 zilizoko Bedford-Stuyvesant na Brownsville huko Brooklyn, zilikaa miaka kadhaa bila darasa hata moja la vipaji la chekechea. Maelezo rasmi yalikuwa mepesi: hawakupatikana watoto wa kutosha waliofikisha alama. Hizi ni wilaya za Wamarekani weusi na Walatino wa kipato cha chini. Anayezisoma takwimu hizo kwa haraka angeamini kwamba vipaji huishia pale treni inapovuka mto kuingia Bronx. Mwaka 2016 jiji lilifungua madarasa ya vipaji katika wilaya hizo nne, safari hii kuanzia darasa la tatu na bila mtihani wa watoto wa miaka minne. Watoto wakapatikana.

Kinachosikitisha ni kwamba utaratibu ule ulianzishwa kwa jina la haki. Kabla ya mwaka 2008 kila wilaya ilichagua watoto kwa njia zake, na malalamiko ya kujuana yalikuwa mengi. Utawala wa Meya Michael Bloomberg ukasema basi: mtihani mmoja, kiwango kimoja, jiji zima. Karatasi haimjui mtoto wa nani. Lakini idadi ya watoto weusi na Walatino ikapungua badala ya kuongezeka.

Sababu haikuhitaji mchawi. Mtihani ukishakuwa mmoja na ukafahamika, soko huzaliwa. Yakaja madaftari ya mazoezi, wakaja walimu wa tuisheni wanaolipwa kwa saa, zikaja kambi za kumzoesha mtoto kukaa kimya mbele ya mtu mgeni na kungoja swali linalosomwa mara moja. Mwenye pesa alinunua mazoezi. Mwenye muda alifundisha mwenyewe. Asiye na vyote viwili alimpeleka mtoto akiwa mkavu, kama alimpeleka. Na hapo tunazungumzia umri ambao mtoto aliyelala vibaya jana ni mtu tofauti leo. Alama za miaka minne hazisemi mengi kuhusu mtoto huyo atakapokuwa na miaka minane.

Tuondoke New York kidogo, twende kusini, kaunti ya Broward katika jimbo la Florida, ambako jiji kuu ni Fort Lauderdale. Ni miongoni mwa mamlaka kubwa kabisa za shule za umma nchini Marekani, na wanafunzi wake wengi ni weusi na Walatino. Hadi mwaka 2005, mtoto wa Broward aliingia programu ya vipaji kwa kupendekezwa: mwalimu akimwona, au mzazi akidai. Baada ya hapo mtoto alipimwa akili na mwanasaikolojia. Mzazi mwenye uwezo aliweza kumlipa mwanasaikolojia binafsi asisubiri foleni.

Mwaka huo Broward ilibadili jambo moja. Iliamua kumpima kila mtoto wa darasa la pili kwa jaribio fupi la maumbo lisilotegemea lugha, akiwa darasani mwake, siku ya shule. Waliofanya vizuri ndio waliopelekwa kwa mwanasaikolojia. Hakuna fomu, hakuna kuomba, hakuna Jumamosi ya kukosa kazi. Kiwango cha kuingia hakikushushwa.

Wanauchumi David Card, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na Laura Giuliano walifuatilia matokeo. Kati ya watoto wa Kilatino, waliotambuliwa kuwa na vipaji walipanda kutoka asilimia 2 hadi 6. Weusi walipanda kutoka asilimia 1 hadi 3. Wazungu nao waliongezeka, ila kidogo. Walioachwa nyuma na mfumo wa mapendekezo walikuwa watoto wa familia maskini, wanaojifunza Kiingereza, weusi, Walatino, na wasichana.

Turudie hapo: kiwango kilikuwa kilekile. Hakuna aliyebebwa. Watoto hao walikuwa wamekaa kwenye madawati hayohayo mwaka uliotangulia, mbele ya walimu walewale, na hakuna aliyewaona. Mwalimu hakuwa lazima mbaya. Lakini tunapoulizwa nani ana akili, macho yetu hukimbilia anayenyoosha mkono, anayezungumza lugha ya mwalimu kwa ufasaha, ambaye mama yake hufika shuleni kuuliza maendeleo. Mtoto mkimya anayemaliza hesabu mapema na kuanza kusumbua wenzake huitwa mtukutu.

Card na Giuliano wakaenda hatua nyingine. Broward ilikuwa na sheria kwamba shule yenye hata mtoto mmoja wa kipaji ifungue darasa maalumu, na viti vinavyobaki vijazwe na wanafunzi wa shule hiyohiyo waliofanya vizuri zaidi mwaka uliopita. Walionufaika sana na viti hivyo walikuwa watoto weusi na Walatino. Alama zao za kusoma na hesabu zilipanda kwa kiasi kikubwa. Wale waliobaki madarasa ya kawaida hawakuonekana kudhurika. Ndiyo maana wanaotaka madarasa haya yafutwe kabisa wana hoja ngumu ya kujibu: mtoto wa tajiri darasa likifutwa atatafutiwa lingine. Wa maskini hana lingine.

Siasa za New York zimezunguka swali hili bila kutua. Januari 2021 bodi ya elimu ya jiji ilikataa, kwa kura 8 dhidi ya 7, kuendeleza mkataba wa mtihani wa watoto wa miaka minne. Mahali pake pakaja mapendekezo ya walimu wa darasa linalotangulia chekechea na kisha bahati nasibu. Oktoba mwaka huo Meya Bill de Blasio akatangaza kuondoa programu hiyo hatua kwa hatua. Alibakiwa na miezi mitatu madarakani. Mrithi wake Eric Adams, mtu mweusi aliyekulia familia ya kipato cha chini, alisema dawa ni kuongeza, si kufuta. Mwaka 2022 akaongeza nafasi 100 za chekechea na 1,000 za darasa la tatu, na akaagiza kwamba asilimia 10 ya wanafunzi bora wa darasa la pili katika kila shule waalikwe kuomba.

Katika kila shule: hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mtoto wa Brownsville analinganishwa na jirani yake wa Brownsville. Lakini neno la mwisho lilibaki palepale. Waalikwe kuomba. Barua inafika nyumbani, na mzazi anapaswa kuamka.

Sasa zamu imemfikia mtu mwenye jina linalofahamika Afrika Mashariki. Zohran Mamdani, aliyechaguliwa kuwa meya Novemba 2025, alizaliwa Kampala mwaka 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Kijana huyo alihamia New York akiwa na miaka saba, akasoma sekondari katika Bronx High School of Science, moja ya shule za umma zinazoingiwa kwa mtihani mgumu. Wakati wa kampeni alisema angeondoa uchaguzi wa vipaji katika umri wa chekechea. Wapinzani wakamrukia: amepanda ngazi, sasa anaivuta juu.

Lakini shule ile aliyosoma ni mlango mwingine, wenye historia yake. Sheria ya jimbo ya mwaka 1971 inaagiza kwamba Bronx Science, Stuyvesant na Brooklyn Tech zipokee wanafunzi kwa mtihani mmoja. Katikati ya miaka ya 1970, wanafunzi weusi walikuwa takriban asilimia 12 ya Stuyvesant. Mwaka 2019, kati ya wanafunzi 895 waliopewa nafasi katika shule hiyo, weusi walikuwa 7. Utaratibu wa kuingia kwa mtihani haukuwa umebadilika. Wahitimu weusi wa zamani wana maelezo yao: enzi zao shule za mitaa ya watu weusi zilikuwa na madarasa ya wanafunzi wa kasi, na walimu waliowafuata watoto na kuwaambia wakafanye mtihani. Madarasa hayo yalipotoweka, mkono wa kumsukuma mtoto ulitoweka nayo.

Na ni vyema kutenda haki kwa upande wa pili. Wazazi wa Kiasia waliojaa mitaani kuulinda mtihani huo De Blasio alipotaka kuufuta hawakuwa wote matajiri. Wengi ni wahamiaji wa Chinatown na Flushing, wapishi na mafundi cherehani, waliobana matumizi walipe tuisheni. Kwao mtihani ni mlango pekee usiouliza unamjua nani.

Msomaji wa Dodoma au Mombasa anaweza kusema hayo ni ya Wamarekani. Kwa upande mmoja tumewazidi. Mtoto wa Tanzania anayemaliza darasa la saba hajazi fomu ya kuomba Ilboru, Mzumbe, Kilakala au Tabora. Huenda hajawahi kuzisikia. Anafanya mtihani uleule wa wenzake wote, na matokeo ndiyo yanayomtafuta. Kwa hilo, shule zetu za vipaji maalumu zilikuwa na wazo la Broward kabla ya Broward. Lakini tunamtafuta siku moja tu, baada ya miaka saba ambayo mmoja alisoma na wenzake tisini darasani na mwingine akawa na tuisheni kila jioni. Kenya ililiona hilo mwaka 2011, ilipopunguza nafasi za watoto wa shule binafsi katika shule za kitaifa, na kelele zilizofuata zilifanana sana na za New York.

Habari ya Broward ina mwisho wake. Mdororo wa uchumi ulipobana bajeti, kupima watoto wote kukaonekana gharama inayoweza kuondolewa, kukapunguzwa, na watoto wakarudi kungoja kupendekezwa. Pengo likarudi karibu pale lilipokuwa. Hakuna mkutano uliofanyika kuamua kwamba watoto maskini wa Fort Lauderdale hawana akili. Watoto walikuwa walewale, wamekaa kwenye madawati yaleyale. Aliyeacha kutafuta ni mtu mzima.