Je, Wajua? Kichujio cha Shawa na Maji ya Chumvi ya Mumbuni

Je, wajua kwamba kile kichujio cha shawa kinachotangazwa mitandaoni kuwa dawa ya nywele kavu na ngozi inayowasha kilitengenezewa klorini, wala si chumvi? Kwa mkazi wa Mumbuni, pale kando ya mji wa Machakos, tofauti hiyo ina bei. Malalamiko kuhusu maji ya kuoga ni yaleyale miaka nenda miaka rudi: sabuni haitoi povu, ngozi inabana ukishajikausha, nywele zinashikana na kuwa ngumu kama katani. Mara nyingi chanzo ni madini yaliyotoka ardhini, na madini hayo hupita ndani ya kichujio kana kwamba hakipo.

Kifungue uone. Ndani ya kile kikopo kinachofungwa kati ya bomba na kichwa cha shawa kuna vichungi vya kuzuia mchanga, na kati yake punje ndogo za rangi ya dhahabu iliyofifia. Hizo ni mchanganyiko wa shaba na zinki uliobuniwa na Mmarekani Don Heskett mwaka 1984, unaojulikana kibiashara kama KDF. Klorini ikizigusa hugeuka kloridi, ambayo haina harufu wala ukali. Vichujio vingine huongezwa mkaa amilifu, salfaiti ya kalsiamu au vitamini C, na vyote hivyo vinaiwinda klorini ileile. Vipo hata vinavyojisifu kuwa na hatua 15 au 20 za kuchuja, na ukivipasua unakuta vitufe vya kauri vya rangi rangi ambavyo kazi yake kubwa ni kupendezesha boksi.

Je, wajua kwamba Marekani kuna kiwango rasmi cha vifaa hivi, NSF/ANSI 177? Kinachopimwa humo ni kama kichujio kinapunguza klorini huru kwa angalau nusu. Basi. Hakiulizi habari za ugumu wa maji, yaani yale madini ya ardhini, hakiulizi habari za nywele.

Sasa jiulize klorini yenyewe iko wapi. Shirika la Afya Duniani linataka maji yaliyotibiwa yamfikie mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, ili kijidudu kilichopenya kwenye bomba njiani kife. Hicho ni kiasi kidogo sana. Na katika nyumba nyingi za Machakos maji ya bomba hayaendi moja kwa moja kwenye shawa: mgao ukija yanajazwa tangini, yanakaa, na klorini inazidi kupungua yenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi juani, itaisha upesi zaidi. Maji ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine, au ya boza lililojazwa kisimani, huenda hayakuwahi kutiwa klorini hata tone.

Wala tusiitukane klorini. Mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuitia kwenye maji yake yote mwaka 1908 kwa juhudi za daktari John Leal, na miji mingine ikafuata baada ya kuona homa ya matumbo inapungua. Hapa Kenya, mwanauchumi Michael Kremer, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, alifanya utafiti magharibi mwa nchi kuhusu vitoa klorini vinavyowekwa pale pale kwenye chemchemi, mama akichota maji afungue tone lake. Maji yanayonusa klorini kidogo ni maji ambayo kuna mtu aliyashughulikia.

Turudi kwenye chumvi. Milima ya Iveti na sehemu kubwa ya Ukambani imesimama juu ya miamba ya kale ya Ukanda wa Msumbiji, iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Maji ya kisima kirefu hukaa muda mrefu ndani ya nyufa za miamba hiyo yakiyeyusha kalsiamu, magnesiamu na sodiamu. Ongeza jua la nchi kame linalokausha maji na kuacha chumvi nyuma. Ndiyo maana visima viwili vya jirani vinaweza kutoa maji tofauti kabisa, kimoja cha kupikia chai, kingine cha kumwagilia sukumawiki tu, na sukumawiki yenyewe inalalamika.

Maji huitwa magumu sana yakiwa na zaidi ya miligramu 180 za kalsiamu na magnesiamu kwa lita, kwa hesabu ya kalsiamu kabonati. Huhitaji maabara kuyatambua. Chukua chupa mbili za nusu lita, moja utie maji ya mvua hadi katikati, nyingine maji ya kisima. Kwangua sabuni ya kipande, kiasi kilekile kidogo kwa kila chupa, funga, tikisa kwa nguvu. Ya mvua itajaa povu hadi shingoni. Ya kisima, kama ni magumu, itabaki na maji meupe yenye vijiwingu vinavyoelea, na povu jembamba linalokufa ukiwa unalitazama. Vile vijiwingu ni sabuni iliyoshikana na kalsiamu, na haiyeyuki tena. Ndivyo vinavyoganda kwenye kuta za bafu, kwenye kola ya shati na kwenye nywele. Gamba jeupe la ndani ya birika nalo ni la ukoo huohuo: lidondoshee ndimu, litachemka na kutoa viputo.

Je, wajua kwamba shampuu haigandi hivyo? Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, na hiyo ndiyo inayogombana na kalsiamu. Shampuu na sabuni za unga zina kemikali za kutengenezwa kiwandani ambazo hustahimili maji magumu. Tide, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1946, ilipata umaarufu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu anayeosha nywele kwa sabuni ya kufulia halafu anayalaumu maji ana nusu ya ukweli. Soma nyuma ya chupa ya shampuu: ukiona neno EDTA, hiyo ni kemikali inayoshika kalsiamu na kuizuia isisumbue. Bei yake ni ndogo kuliko ya kichujio.

Na magadi? Ziwa Magadi, huko Kajiado, limechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka mia moja, na soda inayotoka humo hulainisha maji kwelikweli: huifanya kalsiamu itulie chini. Kwa nguo, sawa. Kichwani usithubutu. Magadi ni makali kwa ngozi na huufungua unywele ukabaki na magamba wazi.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ni hesabu ambayo muuzaji hatakufanyia. Njia ya kuaminika ya kulainisha maji ya nyumba nzima ni kuyapitisha kwenye chembe za resini zinazopokea kalsiamu na kuachia sodiamu, wazo ambalo Mjerumani Robert Gans alilifanyia kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Lita moja ya resini hubeba takriban gramu 60 za ugumu kabla haijajaa na kuhitaji kusafishwa kwa maji ya chumvi. Kikopo cha shawa hakizidi sana robo lita. Tuseme kimejaa resini tupu: kitabeba gramu 15. Maji yenye miligramu 300 kwa lita yatakijaza kwa lita 50. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika inamaliza lita 50 kwa dakika sita na kidogo. Mtu wa kwanza akitoka bafuni, kichujio kimeshachoka, na boksi linasema kitadumu miezi sita.

Halafu kuna chumvi yenyewe, ile ya ulimi. Hiyo resini haiiondoi, ndiyo kwanza inaongeza sodiamu. Kuitoa kunahitaji mashine za kusukuma maji kwenye utando mwembamba kwa nguvu kubwa, kama zile za maduka ya kujaza maji ya kunywa kwa mitungi ya lita 20. Mashine hizo humwaga sehemu ya maji yanayoingia. Kuoga kwa maji hayo katika kaunti yenye ukame ni anasa ambayo ningeona haya kuitetea.

Na ngozi je? Utafiti mkubwa ulifanyika Uingereza na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011: watoto 336 wenye ukurutu, nusu yao wakafungiwa nyumbani mitambo kamili ya kulainisha maji. Baada ya wiki 12, ukurutu wao haukutofautiana na wa wenzao. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Sheffield na London walionyesha kwamba maji magumu huacha masalio mengi zaidi ya sabuni juu ya ngozi, na masalio hayo huwasha, hasa kwa wenye ukurutu. Kwa hiyo kupunguza sabuni na kujisuuza vizuri kuna maana zaidi kuliko kikopo. Kuhusu nywele, watafiti wa India mwaka 2013 hawakuona tofauti ya maana katika nguvu ya unywele uliooshwa kwa maji magumu. Wa Pakistan, mwaka 2018, waliona umedhoofika. Mjadala uko wazi, ingawa boksi halisemi hivyo.

Jambo dogo la kando: nywele za Wazungu zinazogeuka kijani kwenye bwawa la kuogelea hazigeuzwi na klorini. Ni shaba.

Wanaonyonyoka nywele kwenye paji la uso na juu ya masikio nao huyashtaki maji. Mara nyingi mshtakiwa halisi ni msuko uliovutwa hadi nyusi zikapanda, au dawa ya kunyoosha nywele iliyorudiwa kabla ya wakati. Msusi anayekuuliza kama unaumia, na akalegeza, amekusaidia kuliko kifaa chochote cha bafuni.

Je, wajua kwamba kichujio kinaweza kukunyima maji moto? Shawa za umeme za papo kwa papo zilizoenea Kenya huwaka pale tu maji yanaposukuma kwa nguvu ya kutosha swichi iliyomo ndani. Tangi likiwa mita 3 juu ya kichwa cha shawa, presha yake ni baa 0.3 tu, kwa sababu kila mita 10 za kimo huzaa baa 1. Ukiweka kikopo cha punje katikati, hiyo presha kidogo inapungua tena na shawa inakataa kuwaka. Asubuhi ya Julai, Machakos, hilo si jambo la mzaha. Na shawa hizo zina aina mbili, ya maji ya kawaida na ya maji ya chumvi ambayo waya wake wa moto umefunikwa. Ukifungiwa ile ya kwanza kwenye maji ya chumvi, waya huliwa haraka na umeme unaweza kupenya kwenye maji. Fundi makini huuliza maji ni ya wapi kabla ya kushika bisibisi.

Maji laini kuliko yote hushuka bure. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mabati la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 10, linakupa karibu lita 400, ukitoa kidogo kinachopotea. Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi. Maji ya kwanza yaache yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, yanayofuata yaingie tangini. Si lazima uyatumie kuoga mwili mzima: oga kwa ya kisima, kisha tenga kata chache za mvua za kusuuza nywele mwishoni. Ikikosekana mvua, kijiko cha siki katika lita moja ya maji husaidia kuondoa gamba la kalsiamu kwenye nywele. Epuka macho, na suuza.

Kwa hiyo, mwenye pesa za kichujio Mumbuni anunue kwanza mfereji wa paa. Anayepata maji ya bomba yanayonusa klorini kweli, na ngozi yake haiivumilii, anaweza kununua kichujio, lakini adai kuonyeshwa cheti cha NSF/ANSI 177 na abadilishe punje kwa wakati.

Na kama kisima chenu hakijawahi kupimwa, pelekeni maji yake maabara na muulize kuhusu floridi pia. Kuoga kwa maji yenye floridi hakudhuru ngozi. Kuyanywa kila siku yakizidi miligramu 1.5 kwa lita ndiko kunakoleta shida: meno ya kudumu ya mtoto hutoka tayari yana madoa, na kuyachemsha maji hakuiondoi floridi, kunaizidisha.