Utafiti wa Insia Vyuoni na Hatima ya Matokeo Yake: Mfano wa Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu utafiti wa insia katika vyuo vikuu vya Tanzania aghalabu huishia kwenye uhaba wa fedha. Makala haya yanadai kwamba lipo suala la msingi zaidi, nalo ni mahali matokeo yanapohifadhiwa na lugha yanayoandikiwa. Mfano unatolewa kutoka Handeni, kwenye Wazigua, na Korogwe, wanakokutana wasemaji wa Kizigua, Kisambaa na Kibondei.

2.0 Yaliyokwisha kufanyika

Eneo hili halijasahauliwa na wataalamu. Mwaka 1990 Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth walichapisha uchambuzi wa toni za Kizigua. Walionyesha kwamba toni juu ya mzizi wa kitenzi husogea hadi silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kulombeza (kuomba) husikika kwenye -mbe-. Katika kulombezeza (kumwombea mtu) kwenye -ze-. Na katika kulombezezana (kuombeana) kwenye -za-. Silabi hiyo ndiyo inayobeba mkazo katika Kiswahili, lugha isiyo na toni. Kwa hiyo, anayechunguza namna Kiswahili kilivyopoteza toni hana budi kuwasikiliza jirani zake.

Kuhusu Kisambaa, Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha uchunguzi wa njeo na hali mjini Berlin mwaka 1989, na msamiati mjini Tokyo mwaka 1993. Historia ya ufalme wa Wasambaa iliyoandikwa na Steven Feierman ilichapishwa Marekani mwaka 1974.

3.0 Tatizo

Kazi zote hizo ziliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa ng'ambo. Kinyume chake, Habari za Wakilindi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi zaidi ya karne moja iliyopita, inasomeka na mwalimu yeyote wa Korogwe. Mwalimu huyo basi anamfikia mwandishi wa kale kwa urahisi kuliko anavyomfikia mtafiti wa zama zake.

Yaweza kupingwa kwamba kuandika kwa Kiswahili humtenga mtaalamu na wenzake duniani. Hoja hiyo ina uzito, lakini inahusu uchapishaji wa kimataifa tu. Haizuii matokeo yaleyale kutolewa nyumbani. Tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili katika TATAKI, iliyoanzishwa mwaka 2009, zinathibitisha kuwa lugha hii inamudu isimu. Aidha, Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001, ulitegemea fedha za Sweden, na fedha za wafadhili zina ukomo.

4.0 Hitimisho

Mambo matatu yanawezekana bila mfadhili mkubwa: kila tasnifu iwe na muhtasari mpana wa Kiswahili, nakala yake ipelekwe wilayani ilikokusanywa data, na sauti zilizorekodiwa zihifadhiwe chuoni, si nyumbani kwa mtafiti. La tatu ni la haraka zaidi, kwani tasnifu yaweza kuchapishwa upya, lakini mzee aliyefariki hawezi kuhojiwa tena.