Punda wa Kahe hajiangushi, ni majeruhi kweli

SHABIKI wa soka ana jicho kali. Straika akiguswa kidogo ndani ya boksi na kujirusha, jukwaa zima linajua jamaa anatafuta penalti. Lakini kwenye tambarare ya Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro, kuna mchezaji anayepewa kadi ya kujiangusha wakati ameumia kweli. Ni punda. Akigoma kutembea anaitwa mvivu na fimbo inafuata, kumbe kwato zinawaka moto.

Ugonjwa wenyewe unaitwa laminaitisi. Huwapata farasi, poni na punda. Ndani ya kwato kuna tishu laini zinazoushika mfupa wa mguu usichomoke kwenye ganda lake. Zikivimba zinalegea, na mambo yakizidi mfupa unapinda au unazama chini. Hapo ni zaidi ya enka kutenguka. Mnyama anaweza asirudi tena uwanjani.

Chanzo kikubwa ni lishe. Punda asili yake ni nchi kame, tumbo lake limezoea majani makavu yenye nyuzi nyingi na sukari kidogo. Masika ikipiga Kahe, ukoka unachipua kijani kibichi, na ukoka huo ndio uleule unaotandikwa kwenye viwanja vingi vya mpira vya nchi za joto. Punda aliyenenepa, mwenye shingo nene iliyojaa mafuta, akiachiwa hapo kutwa nzima anajitafutia balaa. Hatari zaidi ni akivamia gunia la mahindi au pumba. Na kwa kuwa majirani zetu ni mashamba ya miwa ya TPC, tuseme wazi: vilele vya miwa na molasi si chakula cha punda mwenye historia ya ugonjwa huu.

Wadau wa ndondo, hili linawahusu. Uwanja ukifyekwa kabla ya mechi, nyasi mbichi zinarundikwa pembeni na punda anaitwa asafishe. Msifanye hivyo. Nyasi zilizorundikwa zinapata joto na kuchacha haraka, na punda anaweza kuumwa tumbo vibaya au kupata laminaitisi.

Sasa tupange kikosi. Nyasi hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, hivyo inapanda kadiri siku inavyokwenda na kuwa nyingi alasiri. Punda wa aina hii aachiwe alfajiri, arudishwe kabla ya saa nne asubuhi. Kabla ya kutoka apewe majani makavu kwanza, kwa sababu mnyama anayejua muda wake ni mfupi hula kwa pupa, kama timu inayotafuta bao la kusawazisha dakika za nyongeza. Malisho yagawanywe vipande kwa kamba au miiba, ale kimoja kimoja. Muda uliobaki akae kwenye zizi lenye kivuli, maji safi na mabua ya mahindi au majani makavu ya mpunga yasiyo na ukungu. Kwato zikatwe kila baada ya wiki sita hadi kumi.

Ila kuna faulo moja mbaya: kumnyima chakula ghafla ili akonde. Punda mnene akishindishwa njaa, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu na yanaweza kumuua ndani ya siku chache. Apunguzwe taratibu, kwa wiki na miezi.

Dalili zake zinahitaji macho ya refa wa pembeni, maana punda huficha maumivu. Angalia anavyohamisha uzito mguu hadi mguu, anavyolala kuliko kawaida, anavyogeuka kwa shida au kuegemea nyuma ili kupunguza mzigo wa miguu ya mbele. Shika kwato, zina joto? Gusa juu yake kidogo, mshipa unadunda kwa nguvu? Ukiona hivyo, sub ifanyike palepale. Mtue mzigo, msimamishe kwenye mchanga au ardhi laini, usimlazimishe kutembea, poza kwato kwa maji baridi na mwite daktari wa mifugo. Kama amekula gunia la mahindi, usisubiri achechemee. Mwite daktari siku hiyohiyo.

Kwa nini kurasa za michezo zihangaike na punda? Kwa sababu akikaa benchi, mzigo hauishi. Ndoo za maji na viroba vya mpunga vinahamia vichwani mwa kina mama na watoto, na kijana aliyekuwa afike mazoezini saa kumi jioni anabaki njiani na mzigo. Kumpata mwingine nako si rahisi, maana biashara ya ngozi imewamaliza punda sehemu nyingi za Afrika, hadi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda mwenye laminaitisi hata teke hawezi kupiga. Kabla ya kuokota fimbo, inama kwanza ushike kwato.