Je, Wajua? Kwenye Karata, Hata Kusita Kunatoa Siri

Katika briji, mchezo wa karata wa watu wanne wanaocheza wawili kwa wawili, kila mmoja hushika karata 13. Wakati wa mnada hata mwenzake haruhusiwi kuzijua ila kupitia madau yanayotangazwa. Kwa hiyo sheria hailindi karata peke yake. Inalinda pia sauti, uso na mwendo wa mkono. Mchezaji akifikiri kwa muda mrefu kisha akapita bila kutangaza dau, amekwisha kumjulisha mwenzake kwamba ana jambo mkononi. Hapo anayefungwa ni yule mwenzake: akiwa na njia mbili za busara, haruhusiwi kuchagua ile iliyodokezwa na kusita huko.

Wapo wanaosema huku ni kumwadhibu mwaminifu kwa kutumia akili. Sivyo. Kufikiri ni halali. Kinachokatazwa ni kunufaika na kimya cha mwenzako, na mwamuzi hurekebisha matokeo bila kumwita yeyote mlaghai. Naona hiyo ni haki ya kweli, maana nia haionekani, athari huonekana. Wengine hudai kizuizi cha kuwatenganisha wenzi mezani kingetosha. Mwaka 1975, katika mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl, wenzi walitenganishwa kwa kizuizi juu ya meza, lakini Waitalia wawili wakashutumiwa kugusana miguu chini yake. Walikemewa, na baadaye kizuizi kikateremshwa hadi chini ya meza. Muda, hata hivyo, hauzibiki: trei ya mnada, inayopitisha madau toka upande mmoja wa kizuizi hadi mwingine, ikichelewa kurudi kutoka upande wa pili, aliyeketi huku bado anahisi kitu.