Nani Anahesabu Uhalifu wa Gumbo?

Ukivuka Nile kutoka katikati ya Juba kuelekea mashariki unafika Gumbo, katika payam (tarafa) ya Rejaf, ilipo barabara ya lami iendayo Nimule, mpakani mwa Uganda. Hapo hupita malori na bodaboda, wafanyabiashara kutoka nchi jirani, na wapo wakimbizi wa ndani waliopata hifadhi kwenye misheni ya Don Bosco. Mkuu wa takwimu na utafiti wa polisi akiulizwa kama wizi Gumbo umeongezeka, kesi zilizoandikwa kituoni hazitamtosha. Sensa ya mwisho ilifanyika 2008, kabla ya uhuru wa Sudan Kusini, na tangu hapo vita vya 2013 na 2016 vimehamisha watu wengi mno. Ukikosa idadi ya wakazi, kesi mia ni nyingi au chache? Tena magomvi mengi huishia kwa machifu, ambao mahakama zao zinatambuliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009. Kwa hiyo daftari la kituo humwonyesha kwanza nani alikubali kwenda polisi. Uhalifu wenyewe huonekana baadaye, na kwa sehemu tu.

Ndiyo maana naona kazi ya mkuu huyu si kompyuta. Kazi yake ni kumweleza kamanda kile ambacho namba haisemi. Uganda ilitangaza kesi 231,653 mwaka 2022 na 228,074 mwaka 2023, na ni rahisi kusema uhalifu umepungua. Lakini hizo ni taarifa zilizopokelewa. Uingereza iliiona shida hii mapema, ikaanza 1982 kuwauliza raia majumbani mwao waliyotendewa, wawe waliripoti au la. Januari 2014 takwimu za polisi za huko zikavuliwa hadhi ya Takwimu za Taifa kwa sababu uandikaji wake haukuaminika. New York nako, mfumo wa CompStat ulioanza 1994 uliwabana makamanda kwa ramani na hesabu, na baadaye baadhi ya wastaafu walikiri kwamba shinikizo lilifanya makosa makubwa yaandikwe kama madogo.

Wapo watakaosema polisi wasio na mafuta ya gari hawahitaji wachambuzi. Mimi naona kinyume: mwenye gari moja ndiye anayehitaji zaidi kujua alipeleke wapi na saa ngapi, na kwa hilo daftari linaloandika mahali, saa na aina ya kosa, likijumlishwa kila wiki, laweza kutosha. Pingamizi zito ni jingine. Katika nchi ambayo watu wameuawa kwa sababu ya kabila, orodha ya polisi inaweza kugeuka silaha. Los Angeles iliacha programu ya kutabiri uhalifu ya PredPol mwaka 2020, baada ya miaka ya malalamiko kwamba ilirudisha doria kwenye mitaa ileile iliyokwisha kudhulumiwa. Juba hatari ni kubwa kuliko hiyo. Kabila lisiingie kabisa kwenye jedwali, na majina yabaki kwenye faili la kesi. Mkuu wa kitengo awe na haki, iliyoandikwa, ya kukataa kukusanya kitu, na haki ya kuchapisha hesabu za mwezi uliokuwa mbaya: wanawake wengi wa Gumbo wakianza kuripoti kupigwa, namba itapanda, na kamanda asiyeelezwa sababu atawaamuru askari wafunge daftari.