Wapiga kura 60,000 wa North Carolina na kosa lisilokuwa lao

Marekani ilimjua rais wake mpya saa chache tu baada ya vituo kufungwa Novemba 5, 2024, lakini kiti kimoja cha jaji katika jimbo la North Carolina kilibaki katika mgogoro kwa miezi sita. Allison Riggs wa chama cha Democratic, aliyekuwa akitetea nafasi yake katika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, alimshinda Jefferson Griffin wa Republican kwa kura 734 kati ya zaidi ya milioni 5.5. Kura zikarudiwa kuhesabiwa mara mbili, na mara zote mbili Riggs akabaki mbele. Baada ya hapo Griffin hakubishana tena na hesabu. Alichodai ni kwamba zaidi ya wapiga kura 60,000 hawakuandikishwa kwa mujibu wa sheria, na kwa hiyo kura zao zitolewe. Dai hilo lilikwenda mbali kuliko wengi walivyotarajia, na linastahili kujibiwa kwa hoja, kwa kuwa linagusa jambo ambalo bila hilo uchaguzi hauna maana: mwananchi aliyefanya kila alichoelekezwa na ofisi ya serikali hawezi kunyang'anywa kura yake kwa sharti ambalo ofisi hiyohiyo haikumdai.

Tuanze na kasoro yenyewe. Sheria ya nchi nzima iliyopitishwa mwaka 2002 inamtaka anayejiandikisha kupiga kura aandike namba ya leseni yake ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii. Kwa miaka mingi fomu ya North Carolina haikuonyesha wazi kwamba sehemu hiyo ni ya lazima. Watu waliiacha wazi, makarani wakazipokea fomu, majina yakaingia daftarini, na uchaguzi baada ya uchaguzi wakapewa karatasi za kura bila kuulizwa lolote. Bodi ya Uchaguzi ya jimbo iliirekebisha fomu mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya kulalamikiwa. Wapo pia walioandika namba zao vizuri kabisa, ila hazikuoana na kumbukumbu nyingine za serikali, pengine kwa sababu mwanamke alibadili jina alipoolewa, na kwenye kompyuta ya uchaguzi wakaonekana kama hawakuandika kitu. Isitoshe, mwaka 2024 sheria ya kuonyesha kitambulisho chenye picha ilikuwa tayari inatumika jimboni humo. Kusema kwamba watu hawa hawakujulikana ni nani ni kupotosha, maana walio wengi walisimama mbele ya msimamizi wa kituo na vitambulisho mkononi. Katika kundi hili lote, Griffin hakumtaja hata mpiga kura mmoja aliyethibitika kuwa hana sifa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni jinsi wapiga kura hao walivyochaguliwa. Pingamizi liliwalenga waliopiga kura mapema na waliopiga kwa posta, ambao karatasi zao zinaweza kutafutwa na kuondolewa moja moja. Waliopiga siku yenyewe ya uchaguzi hawakuguswa, hata kama fomu zao za kujiandikisha zilikuwa na pengo lilelile. Kwa kundi jingine alilolipinga, la wanajeshi na raia wengine walioko nje ya nchi, ambao kanuni rasmi ya Bodi iliwaondolea sharti la kuambatisha nakala ya kitambulisho, pingamizi halikuwekwa katika kaunti zote 100 za jimbo. Liliwekwa katika chache, zikiwemo Guilford, Durham na Buncombe, ambako Democratic huvuna kura nyingi. Kama kukosa kitambulisho kunaiharamisha kura ya askari, basi kunaiharamisha popote alipojiandikisha. Sharti linaloamka katika ngome ya mpinzani na kulala kwingine haliwezi kuitwa sheria.

Bodi iliyatupa mapingamizi hayo Desemba 2024, na safari ya mahakamani ikaanza. Januari, Mahakama ya Juu ya jimbo ilizuia mshindi asitangazwe rasmi. Riggs alikuwa amejitoa katika shauri hilo. Richard Dietz, jaji wa Republican, aliwapinga wenzake wa chama chake akionya juu ya hatari ya kubadili masharti wakati kura zimekwisha kupigwa. Aprili 4, Mahakama ya Rufaa, ambayo Griffin mwenyewe ni jaji wake, iliamua kwa kura mbili dhidi ya moja kwamba wapiga kura hao 60,000 wapewe siku 15 za kazi kurekebisha taarifa zao, la sivyo kura zao zifutwe. Wiki moja baadaye Mahakama ya Juu iliwanusuru, ikisema kosa lilikuwa la maofisa na si la wapiga kura. Lakini hoja hiyohiyo haikuwasaidia walioko nje, ambao walitakiwa kuthibitisha utambulisho wao ndani ya siku 30. Hatimaye, Mei 5, 2025, Jaji Richard Myers wa mahakama ya shirikisho, aliyeteuliwa na Rais Donald Trump, aliamua kwamba kubadili masharti baada ya mchezo kwisha kunavunja Katiba ya Marekani, akaamuru Riggs atangazwe. Siku mbili baadaye Griffin alikubali kushindwa.

Wapo watakaosema sheria ni sheria: kama namba inatakiwa na haipo, kwa nini kura ihesabiwe? Hoja hii ina nguvu, na wanaoipuuza wanakosea. Uchaguzi usiofuata utaratibu unapaswa kuvunjwa, na North Carolina yenyewe iliwahi kufanya hivyo. Mwaka 2018, Mark Harris wa Republican alionekana kumshinda Dan McCready kwa kura 905 katika eneo la 9 la Bunge la Marekani. Uchunguzi ukafichua mtandao wa watu waliolipwa kukusanya kura za posta kinyume cha sheria, hasa katika kaunti ya Bladen. Februari 2019 Bodi iliamuru uchaguzi urudiwe, na ukarudiwa Septemba. Mahakama ya Juu ya Kenya nayo ilifuata njia ya namna hiyo Septemba 2017, ilipofuta uchaguzi wa rais kwa sababu ya dosari za utaratibu. Katika kesi zote mbili dawa ilikuwa kuwarudia wapiga kura wote, wa pande zote. Griffin hakuomba uchaguzi urudiwe. Aliomba matokeo yabaki, ila yapunguzwe kura za watu aliowachagua, mpaka tofauti ya 734 igeuke. Kama kweli kasoro ilikuwa nzito kiasi cha kuitia doa daftari, basi iliwatia doa na waliompigia yeye.

Wengine watasema mwisho wake haki ilitendeka, basi tulalamikie nini? Tulalamikie kwamba maelfu ya raia waliishi miezi sita bila kujua kama kura zao zipo au hazipo, na kwamba mahakama moja ilikuwa tayari kuzifuta. Jimbo hili linajua karatasi inaweza kufanya nini. Mwaka 1900, miaka miwili baada ya wazungu wenye silaha kuipindua serikali ya mji wa Wilmington, katiba yake iliongezwa sharti la mtihani wa kusoma na kuandika, uliosimamiwa na karani wa uandikishaji, na raia weusi wakafutwa daftarini kwa wingi. Mwaka 1970 wapiga kura walikataa kuliondoa. Limebaki katika maandishi ya katiba hadi leo, ingawa sheria ya shirikisho imelikata meno.

Mei 2025, Riggs alipoapishwa, usimamizi wa Bodi ulikuwa umeshahamishwa kutoka kwa gavana kwenda kwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo, kwa sheria iliyopitishwa na wabunge wa Republican Desemba 2024 juu ya kura ya turufu ya gavana. Baadaye Bodi mpya, yenye wajumbe wengi wa Republican, ilianza kuwaandikia wapiga kura takriban 100,000 ikiwaomba namba zilizokosekana. Nina wasiwasi na namna madaraka hayo yalivyohamishwa, lakini kazi hii yenyewe, ikifanywa kwa uaminifu, ndiyo iliyotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Mwananchi anaulizwa uchaguzi ukiwa bado mbele, anapewa nafasi ya kujibu, na hakuna anayejua bado kura yake itamnufaisha nani.