ZIMBABWE KUU NA WALINZI WAKE

Mtu afikapo Zimbabwe Kuu, karibu na mji wa Masvingo, hukutana na ukuta wa mawe wenye kimo kifikacho mita 11, uliojengwa bila chokaa wala saruji. Mababu wa Washona ndio walioujenga, kati ya karne ya 11 na ya 15. Ulinzi wake umo mikononi mwa shirika la serikali lisimamialo makumbusho na mambo ya kale ya nchi hiyo, na kazi hiyo si kuzuia mawe yasianguke tu.

Mwaka 1895 walowezi waliunda kampuni ya kuchimbua magofu ya nchi ili kutafuta dhahabu. Hata makaburi hayakusazwa. Sheria ya hifadhi ilitungwa mwaka 1902. Lakini Richard Hall, mlinzi aliyewekwa Zimbabwe Kuu mwaka huo, akawa mharibifu kupita mvua na mizizi ya miti. Kwa kuamini kwamba mji ule ni kazi ya wageni wa kale, alizoa tabaka za udongo zenye masalia ya wenyeji, akazitupa kama takataka. Aliachishwa kazi mwaka 1904. Ukuta ulioanguka huweza kujengwa upya, bali udongo uliokwisha kuvurugwa haurudi katika tabaka zake.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alitamka kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929. Serikali ya Ian Smith haikutaka kusikia hayo. Peter Garlake, mkaguzi wa mambo ya kale, alibanwa hata akaihama nchi mwaka 1970. Ofisi ilikuwapo, sheria ilikuwapo, mishahara ililipwa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kusema kweli.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1980, ndege wa jiwe aliyechongwa huko akawekwa katika bendera ya taifa, ilhali wenziwe kadhaa walikuwa bado Afrika Kusini. Walirudishwa mwaka 1981, na si bure: Zimbabwe ilitoa mkusanyiko wa wadudu wa jamii ya nyuki na nyigu. Naam, urithi wa taifa kukombolewa kwa nyigu! Hata hivyo, ndege aliyenunuliwa na Cecil Rhodes hakuwamo.

Mwaka 2003 Ujerumani nayo ilikabidhi kipande cha chini cha ndege mwingine, kikaunganishwa na kile cha juu kilichokuwa kimebaki nyumbani.